Hela ya korosho ikiingia, bima kwanza: namna ya kujiunga na bima ya afya huku kwetu Mtwara na Lindi

Ndugu zangu wa kusini, hela yetu ina msimu na hilo tunalijua wenyewe. Korosho inaanza kupigwa mnada mwezi wa kumi, malipo yanaingia benki mpaka huko mwisho wa mwaka, wa Lindi wana ufuta unaolipa katikati ya mwaka na mbaazi zinafuata, baada ya hapo mfuko umekauka mpaka msimu mwingine. Ugonjwa wenyewe haungoji mnada. Tena ukiangalia vizuri unatupata pale pale tulipo wabovu, maana malaria inapamba moto kifuku, mwezi wa pili wa tatu wa nne, na wakati huo ndani hamna kitu na mwenye duka ameshaanza kukukatalia mkopo.

Ndo hapo kangomba, yule anayenunua korosho kabla haijavunwa, anapopiga hodi. Mama yuko kitandani damu imepungua, hospitali wameshataja hela ya vipimo na dawa, huna, jamaa anakuja jioni na hela mkononi anakuhesabia pale pale barazani, na wewe unampa korosho ambayo mkorosho bado haujatoa hata ua. Mwezi wa kumi ukifika unaokota wewe, mkeo na watoto, mnaanika, mnachambua, halafu gunia zinabebwa zinaenda kwake na bei ya mnada anaila yeye. Wengine hawaishii hapo, wanaweka rehani mikorosho yenyewe, miti aliyopanda babu, miaka mitatu minne mtu anavuna kwenye shamba lako na wewe unapita pembeni unaangalia. Jirani yetu mmoja Tandahimba amefika huko kwa sababu ya oparesheni ya ngiri tu. Ngiri, sio ugonjwa wa ajabu, ni kitu kinachofanywa kwenye hospitali ya wilaya.

Kwahiyo mimi ninaposema jiunge na bima siongelei mambo ya watu wa maofisini. Naongelea korosho yako ibaki yako. Na nitaeleza hatua kwa hatua mtu anaanzia wapi, maana wengi wanataka ila hawajui mlango.

Kwanza tupige hesabu

CHF iliyoboreshwa, yaani Mfuko wa Afya ya Jamii, ilipokuja ada yake ilikuwa shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya nzima, watu wasiozidi sita. Chukua msimu wa 2024/25 ambao bei mnadani ilipita 4,000 kwa kilo, hiyo elfu thelathini ni kilo ambazo hazifiki nane. Kilo nane ni nini kwenye gunia? Ni kitu ambacho watoto wanaokota asubuhi moja chini ya miti kabla jua halijawa kali. Kwa hicho watu sita walikuwa wanatibiwa mwaka mzima kuanzia zahanati ya kijiji, kituo cha afya, hospitali ya wilaya mpaka hospitali ya rufaa ya mkoa, yaani Ligula kwa wa Mtwara na Sokoine kwa wa Lindi.

Baada ya hapo viwango na vifurushi vilianza kupangwa upya kwa sababu ya Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, ambayo Bunge liliipitisha Novemba 2023, na sheria hiyo inamtaka kila mkazi wa nchi hii awe na bima, pia imeweka mfuko wa kuwalipia wasiojiweza. Kwahiyo usitoe hela kwa kiwango ulichosikia kwenye kahawa au kwenye grupu la WhatsApp. Kabla hujalipa uliza kiwango cha mwaka huu kwenye ofisi ya mkoa ya NHIF, yaani Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, zipo Mtwara mjini na Lindi mjini, au kwa mratibu wa bima pale halmashauri, au hata mganga mfawidhi wa zahanati yako anajua nani anaandikisha. Hata kama kiwango kimepanda piga hesabu ile ile ya kilo, halafu linganisha na gharama ya kulazwa siku chache na oparesheni moja, utaona mwenyewe kipi kinauma.

Kwa nini usingoje mpaka uumwe

Hili ndo linalowakwamisha wengi. Mtu anakwambia mimi naumwa mara moja kwa miaka miwili, nilipe ya nini, nikiumwa nitajiunga siku hiyo hiyo. Bima haiendi hivyo. Hela ya mwaka huu ya yule ambaye hakuumwa ndo inamtibu aliyeumwa, mwakani mambo yanageuka, ni kama mchango wa msiba ambao unatoa kwa jirani bila kuombea wewe ufiwe. Kila mtu akijiunga akiwa tayari yuko machela, mfuko unakauka.

Na hii imeshatokea hapa hapa nchini. Wengi mnaikumbuka Toto Afya Kadi, mzazi alikuwa anamlipia mtoto mmoja 50,400 kwa mwaka na mtoto anatibiwa nchi nzima. Kitu kizuri kabisa, lakini wazazi wengi walikuwa wanaandikisha yule mtoto mgonjwa tu, wale wazima wanaachwa nyumbani. Machi 2023 NHIF ikasitisha usajili wa mtoto mmoja mmoja, ikasema watoto waingie kwa familia au kwa shule zao. Wazazi walilia, na wenye watoto wa selimundu na moyo ndo waliumia zaidi, mimi iliniuma sana. Ila chanzo kilikuwa hicho, kuingia kwenye bima ukiwa na mgonjwa mkononi.

Halafu hata ukijaribu utakwama, kwa sababu vifurushi vya kujiunga kwa hiari huwa na muda wa kusubiri kabla baadhi ya huduma hazijafunguka, hasa zile kubwa. Ndo maana wakati wa kulipa ni ule ambao nyumba nzima iko nzima na hela ya mnada imesoma kwenye simu.

Jua wewe unaingilia mlango gani

Ukiwa umeajiriwa serikalini tayari unakatwa NHIF, asilimia 6 ya mshahara, nusu unakatwa wewe nusu anatoa mwajiri, na kadi zinakuwepo za kwako, mwenza wako na wategemezi wanne. Hapa naomba niseme kitu kwa walimu na manesi wetu walioko Liwale, Nanyumbu na kwingineko. Wengi wenu nafasi za wategemezi hamjazijaza, mama mzazi yuko Newala anauza mbaazi ili anunue dawa ya presha wakati nafasi yake kwenye kadi yako iko wazi. Nenda kamuandikishe, wazazi na wakwe wanaruhusiwa.

Kama huna ajira basi wewe ni wa kaya au wa kikundi. Kaya ndo njia ya wengi. Kikundi ni kama vikoba, bodaboda wa kijiwe kimoja, wavuvi wa Msimbati au Kilwa, na zaidi ya wote vyama vya msingi. NHIF ilishawahi kuleta mpango wa Ushirika Afya kwa ajili ya wakulima walio kwenye ushirika, kwahiyo wazo sio geni kwa AMCOS zetu, yaani hivyo vyama vya msingi. Mimi ombi langu kwa wanachama ni hili, kwenye mkutano mkuu kabla ya msimu, wakati mnajadili makato ya gunia na usafiri na ghala, mtu mmoja anyooshe mkono aulize kama wanaotaka bima wanaweza kukatwa moja kwa moja malipo yakitoka. Anayetaka anasaini, asiyetaka anaacha. Hela ikishafika kwa mtu kuna bati, kuna pikipiki, kuna ngoma ya mtoto anayetoka jandoni, bima inakuwa ya mwisho na ya mwisho haifikiwi. Mimi unyago na jando nazipenda na sisemi watu waache, nasema bima itoke kabla hujaita wapiga ngoma.

Kuandaa karatasi

Hapa ndo watu wanazungushwa kwahiyo jipange kabla hujapanda gari. Unahitaji namba ya NIDA, kadi yenyewe kama haijatoka namba inatosha. Mwenza naye awe na yake. Kwa mke na mume cheti cha ndoa kinasaidia, kama mlifunga kwa shehe au kanisani na hamkuchukua cheti kifuatilieni. Watoto ni vyeti vya kuzaliwa, na wale wa chini ya miaka 5 huku mikoa yetu wanapata cheti cha RITA bure kwenye zahanati au ofisi ya kata, kwahiyo hakuna sababu ya mtoto kukaa bila. Picha za pasipoti chukua za ziada, ingawa kwa CHF muandikishaji wa kijijini alikuwa anapiga picha kwa simu yake hapo hapo, familia nzima mnatakiwa muwepo, sio baba peke yake na watoto wako shuleni.

Kitu kinachoharibu zaidi ni majina. Huku kwetu mtu ana jina la nyumbani, la jandoni, la dini na la shule. NIDA anasomeka Hamisi Mohamedi, cheti cha ndoa Hamis Muhamed, mtoto kwenye cheti baba yake ni Issa. Dirishani mfumo haujui kuwa huyo ni mtu mmoja. Kaeni usiku mmoja na taa, tandikeni karatasi zote mkekani, muangalie herufi kwa herufi na tarehe za kuzaliwa, panapogongana andika pembeni, halafu uliza mapema kama kiapo cha mahakamani kitakubalika au lazima urekebishe NIDA. Ukifanya hivyo mwezi wa nane, mwezi wa kumi ukifika umeshamaliza.

Na nani aingie kwenye zile nafasi sita? Hesabu kwa akili. Watoto wadogo, mama mwenye umri wa kuzaa, bibi mwenye presha, hao wasikosekane. Kama mko kumi ndani kuna njia ya kugawa kaya mbili, kijana mkubwa mwenye mke afungue ya kwake. Mjomba aliyeko Dar usimuweke kwa heshima tu halafu bibi akabaki nje.

Kulipa

Hela ya bima hailipwi mkononi. Ukishasajiliwa unapewa namba ya kumbukumbu ya malipo, unalipa kwa simu au benki au kwa wakala, meseji inarudi na risiti. Mtu akikwambia nipe hela taslimu nitakulipia mimi mwenyewe, hata kama ni mtu wa kijiji na mnamuheshimu, mwambie kwa upole nataka namba nilipe mwenyewe. Meseji ya malipo usiifute. Andika ile namba kwenye daftari au nyuma ya kalenda ukutani, simu zetu zinaingia maji kwenye mashua na zinaibiwa mnadani.

Baada ya kulipa usikae miezi ukisubiri kadi halafu siku ya ugonjwa ndo unagundua jina halipo. Mtoto akiwa na mafua ya kawaida mpeleke zahanati, toa namba, uone kama mnasomeka wote kwenye mfumo. Asiyesomeka mrudie aliyewaandikisha hapo hapo mkiwa hamna haraka.

Siku ya kwenda kutibiwa

Anza chini. Zahanati, kituo cha afya, hospitali ya wilaya, halafu mkoa. Ukiruka ngazi bila barua ya rufaa, na sio dharura, dirishani watakurudisha au watakulipisha, na utarudi kijijini unasema bima ni uongo. Dharura ni jambo lingine, ajali ya pikipiki au mama mjamzito anayetoka damu unakimbilia hospitali iliyo karibu, karatasi zitafuata.

Ukipewa rufaa soma barua inakupeleka wapi. CHF iliishia hospitali ya rufaa ya mkoa, kwahiyo mgonjwa akipelekwa Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini pale Mitengo au Muhimbili kadi hiyo haikumsaidia, familia ilianza kuchangishana upya. Kabla ya kuchagua kifurushi uliza swali hili kwa sauti, "kadi hii inanifikisha mpaka wapi?" Hospitali za misheni kama Ndanda na Nyangao ziko hapa karibu na watu wetu wanaziamini, uliza pia kama kadi yako inapokelewa huko kwa huduma unayoitaka, usidhani tu. Kwa mwenye mgonjwa wa figo, moyo au saratani mimi naona bora ajibane apate kifurushi kinachofika juu, maana Dar ni mbali na kule hata kulala ni hela.

Nauli bima hailipi. Chakula cha anayemuuguza hailipi. Tenga akiba kidogo kwa ajili ya hayo, vikoba vingi vina mfuko wa jamii, utumike huko.

Sasa neno la dawa. Kuna siku utaambiwa dawa hamna kanunue nje. Ipo, inatokea, na inakera kuliko kitu chochote kwa mtu aliyelipa. Usiondoke kimya. Muulize daktari kama kuna dawa nyingine inayofanya kazi hiyo hiyo na ipo dirishani. Kwa mwenye kadi ya NHIF omba fomu ya kuchukulia dawa kwenye duka lenye mkataba, wenyewe wanaiita 2C, uchukue huko bila kutoa hela. Ikishindikana nenda kwa mganga mfawidhi, mueleze kwa adabu, andika tarehe na jina la dawa, halafu peleka kwa mratibu wa halmashauri au ofisi ya NHIF. Wengi tunaishia kulalamika kwenye daladala na ofisini hawasikii kitu.

Na fomu ya matibabu usisaini tupu. Soma, au mpe mtoto wa darasa la sita akusomee, kilichoandikwa ndo ulichopata? Kama umepimwa malaria tu na fomu ina vipimo vitano, uliza. Ile ni hela yetu sote inayoibiwa. Vile vile kadi usimuazime mtu hata ndugu wa damu, kadi inachukuliwa na unaingia kwenye kesi, na kumbukumbu zako za ugonjwa zinachanganyika na za kwake mpaka siku unapewa dawa ya mtu mwingine.

Wanaosema "si kuna bure"

Ni kweli sera ya msamaha ipo, wajawazito, watoto chini ya miaka 5, wazee kuanzia 60 wasio na uwezo, wagonjwa wa kifua kikuu na wanaotumia dawa za kufubaza virusi vya Ukimwi. Mzee wako asiyejiweza mfuatilie apate utambulisho kupitia ofisi ya mtendaji na ustawi wa jamii, ni haki yake na usione aibu. Lakini angalia aliyebaki nje ya orodha hiyo. Mtoto wa miaka 7 hayumo. Baba wa miaka 40 anayepanda juu ya mkorosho kukata matawi akaanguka hayumo. Dada wa miaka 25 mwenye kidole tumbo hayumo. Na hao ndo wanaolisha wale waliomo.

Kuna na wanaoona kulipia ugonjwa ambao haujaja ni kujitakia mabaya. Hawa usibishane nao kwa ukali, wengi ni wazee wetu. Mwambie mama, si unatunza sanda sandukuni na hujafa? Bibi mmoja wa Mikindani nilimwambia hivyo akacheka sana akamuita mjukuu alete namba ya NIDA.

Kwa wanawake naongeza hili. Nyumba nyingi hela ya korosho inasoma kwenye akaunti ya baba. Mama, usisubiri mpaka ugomvi wa mwezi wa pili, likalishe mezani mwezi wa tisa mkiwa mnaandaa magunia, na kama una biashara yako ya maandazi, samaki au chumvi anza kuweka kidogo kidogo tangu mwezi wa sita, kaya inaweza kuandikishwa na wewe ukiwa mkuu wake.

Kuhuisha

Kadi ni ya mwaka mmoja. Ukilipa Novemba itaisha Novemba, na hilo linatufaa maana hela inakuwa imeanza kuingia tena. Ukilipa mwezi wa tatu kwa kukopa, mwakani itaisha mwezi wa tatu huna kitu. Kwahiyo aliyelipa wakati mbaya ajitahidi safari hii ahuishe mapema, mnadani, bila kungoja tarehe iishe, na aulize kwanza kama siku zilizobaki zitaunganishwa na mwaka mpya. Mtoto akizaliwa katikati ya mwaka peleka taarifa na cheti chake mapema. Aliyefariki, aliyeolewa akahama, aliyehamia Dar, waondoe kwenye kuhuisha na nafasi zao wape waliopo nyumbani.